Bukavu: Ni mchezo gani wa kikosi unaofaa kompyuta yako, umeme wako na marafiki wako?

Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta uliopata tuzo ya mchezo bora wa mwaka 2023 kule Marekani, unaomba nafasi ya giga 150 kwenye mashini. Unauzwa karibu dola 60, na kuumaliza kunaomba masaa zaidi ya mia moja kwa mtu asiye na haraka. Kwa kijana wa Kadutu, Bagira ama Ibanda, hizo ni hesabu tatu za kufanya kabla ya kuuliza kama mchezo wenyewe ni mtamu. Akikosea, anapoteza feza, anapoteza mega, na pengine anaharibu kompyuta ambayo ndiyo anaandikia TFC yake.

Lakini Baldur's Gate 3 haiko peke yake. Iko michezo mingine ya ukoo huohuo, ya bei ndogo na isiyoomba mashini kubwa, na mmoja wao umetengenezwa hapa Afrika. Tumeilinganisha kwa macho ya mkaaji wa Bukavu.

Michezo ya kikosi ni nini?

Wengi mjini wanajua michezo ya mupira na ya mbio za magari, ile ya manete mbili na kelele nyingi. Michezo ya kikosi ni kitu kingine. Hapa huongozi mtu mmoja, unaongoza watu wanne, watano ama sita. Mmoja ni mpiganaji wa mbele, mwingine mganga, mwingine mchawi, mwingine fundi wa kufungua milango iliyofungwa. Kazi yako inafanana na ya kocha wa Bukavu Dawa ama wa Muungano: kujua nani anaingia, nani anabaki benchi, na nani hapatani na nani.

Asili yake ni mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, ambao marafiki wanakaa pamoja, mmoja anasimulia hadithi na wengine wanaamua wafanye nini. Kompyuta ilichukua nafasi ya msimuliaji. Ndiyo maana michezo hii ina maneno mengi. Mara nyingi unaweza kumaliza ugomvi kwa kuongea vizuri, bila kutoa upanga.

Kupigana kwenyewe kuko kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kwa zamu, kama kwenye dame: wewe unacheza, adui anacheza, hakuna anayekukimbiza. Namna ya pili, vita vinaendelea vyenyewe na wewe unavisimamisha kwa kubonyeza kidude kimoja, unatoa amri kwa kila mtu, kisha unaviachilia. Kama mnacheza wengi mbele ya mashini moja, zamu ni nzuri zaidi, kwani kila mtu anapata wakati wa kutoa shauri.

Hesabu ya umeme

Umeme wa Bukavu unatoka kwa sehemu kubwa kwenye mto Ruzizi: kituo cha Ruzizi I, cha tangu miaka ya 1950, na Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989 na ambacho Congo inagawana na Rwanda na Burundi. Kila mkaaji anajua delestaje ya SNEL. Haibishi hodi, na mchezo usiohifadhiwa unapotea nayo.

Tuchukue nyumba yenye batri ya kawaida ya umeme wa jua, ya volti 12 na ampea 100. Ndani yake kuna wati-saa 1.200, lakini batri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, isife mapema. Kunabaki 600. Kompyuta kubwa ya michezo inayokula wati 150 itacheza masaa manne, na kwa kweli pungufu ya hapo, kwani ondulere nayo inakula sehemu yake. Kompyuta ndogo ya ofisi inayokula wati 40 itafika masaa kumi na tano kwa hesabu, tuseme kumi na mbili kwa ukweli. Kwa batri ileile, mchezo mwepesi unakupa jioni tatu pale mzito unapokupa moja.

Hesabu ya mega na feza

Kama intaneti yako inashusha megabaiti moja kwa sekunde bila kukatika, giga 150 za Baldur's Gate 3 zitaomba zaidi ya masaa 41. Mchezo wa giga 60 utaomba karibu masaa 17. Mchezo wa giga 14 utaomba masaa manne. Wale wanaonunua mega za siku kwa simu wanaelewa tofauti hiyo bila kufundishwa.

Kulipa ni shida nyingine. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango, na maduka ya michezo ya intaneti yanapenda kadi ya benki. Wengi wanategemea ndugu aliyeko ng'ambo amnunulie mtu mchezo. Kwa njia hiyo, duka la GOG, la kampuni moja ya Poland, lina faida kubwa: michezo yake haina kufuli. Ndugu akiisha kununua, faili ya kuingiza mchezo inawekwa kwenye diski ya nje, na inafanya kazi hata pasipo intaneti. Mchezo ulionunuliwa Steam nao unaweza kuchezwa bila intaneti, lakini lazima kwanza uufungue mara moja ukiwa umeunganishwa.

Baldur's Gate 3: mkubwa, na mzito

Mchezo huu ulitoka tarehe 3 Agosti 2023. Ulitengenezwa na Larian, kampuni ya mji wa Ghent, Ubelgiji. Kikosi ni cha watu wanne, vita ni vya zamu. Unaanza ukiwa na mdudu aliyeingizwa ndani ya kichwa chako, na wenzako wengi wana mdudu huyohuyo. Mnasafiri pamoja kwa sababu ya ugonjwa, si kwa sababu ya mapenzi: Lae'zel na Shadowheart, wanawake wawili wa kikosi hicho, karibu wauane kabla ya kuzoeana. Kila jibu unalotoa linampendeza mmoja na kumuudhi mwingine.

Uzuri wake hauna ubishi. Lakini unaomba angalau giga 8 za memori, karti grafiki yenye giga 4 zake yenyewe, na diski ya SSD. Kompyuta nyingi za okazi zinazouzwa mjini hazifiki hapo. Tena wazazi wajue: huko Ulaya umepangwa kwa watu wa miaka 18 na zaidi. Una damu, na una mambo ya kitandani. Uchi unaweza kufichwa kwenye mapangilio, lakini huo si mchezo wa kuachia mtoto wa shule ya msingi.

Divinity: Original Sin 2: wa marafiki

Kampuni hiyohiyo ya Larian ilitoa mchezo huu mwaka 2017. Unaomba giga 60 za nafasi na giga 4 za memori. Kikosi ni cha wanne, vita ni vya zamu, na watu wawili wanaweza kucheza kwenye mashini moja kwa manete mbili, sikrini ikigawanyika.

Hadithi inaanza ndani ya chombo cha majini kinachopeleka wafungwa kwenye kisiwa. Kosa lao ni kuzaliwa na nguvu ya aina moja ambayo wakubwa wanasema inaleta mashetani. Huko unakutana na watu unaoweza kuwachukua, kila mmoja na siri yake. Hapa tunatoa onyo moja: mwisho wa sehemu ya kwanza, wale uliowaacha hawatarudi. Uchague vizuri kabla ya kuondoka kisiwani.

Jambo lingine linalofanya mchezo huu uwe mtamu kwa marafiki ni kwamba mwishoni kiti kikubwa ni kimoja, nanyi ni wanne. Mnaweza kusaidiana safari nzima na kugombana siku ya mwisho. Wakaaji wa nchi yetu hawatashangaa sana.

Kwa mashini ndogo: Pillars of Eternity na Baldur's Gate ya zamani

Pillars of Eternity ulitoka mwaka 2015, baada ya kampuni ya Obsidian ya Marekani kuchangiwa na wachezaji wenyewe karibu dola milioni nne. Unaomba giga 14 tu za nafasi na giga 4 za memori. Kikosi ni cha watu sita, na vita ni vile vya kusimamisha na kuachilia. Katika nchi ya hadithi hiyo, watoto wanazaliwa bila roho. Raia wanatafuta wa kulaumu, na wakimpata wanamtundika kabla ya kuuliza swali la pili. Ni mchezo wa kusoma sana, na wa mtu mmoja.

Baldur's Gate ya kwanza ni ya mwaka 1998, kazi ya kampuni ya BioWare ya Canada. Ilitengenezwa upya mwaka 2012, na leo inachezwa hata kwenye kompyuta dhaifu, na kwenye simu na tableti za Android. Hadithi yake inazunguka machimbo. Chuma kinachotoka humo kinavunjika ovyo, silaha zinakatika mikononi, na mji mmoja na nchi jirani vinaanza kushutumiana na kujitayarisha kwa vita. Ukifuata njia pole pole, unakuta nyuma yake wafanyabiashara wanaoficha chuma kizuri ili wakiuze kwa bei ya juu, na mtu mmoja anayetaka vita hivyo viwake kwa faida yake. Waliouandika walikuwa Canada, miaka karibu thelathini iliyopita. Msomaji wa Kivu hahitaji kuelezwa zaidi.

Ubaya wake: ni mgumu mwanzoni. Mbwa mwitu mmoja anaweza kukuua katika dakika ya kumi. Na kwenye simu, herufi ni ndogo.

Aurion: wa nyumbani Afrika

Mwaka 2016, kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Jina Kiro'o lenyewe limetoka katika Kiswahili, kwenye maneno "kiroho maono". Mchezo huu si wa kikosi kamili: vita vyake ni vya haraka, vya kupiga kwa vidole. Lakini hauchezi peke yako. Mfalme Enzo anapinduliwa na shemeji yake siku ya harusi na ya kutawazwa, kisha anatembea dunia pamoja na mke wake Erine, kutafuta nguvu ya mababu. Nguo, majina na mijadala yake ni ya Kiafrika, na maandishi ya Kifaransa ni ya watu wanaokisema kama sisi.

Lugha, na kopi za bure

Hakuna hata mmoja kati ya michezo hii ulio na Kiswahili. Yote ina maandishi ya Kifaransa. Hilo linawafungia mlango wengine, lakini pia linaleta desturi nzuri: anayesoma Kifaransa vizuri anasoma kwa sauti, anatafsiri, na wote wanaamua pamoja. Ndiyo namna ileile ya mezani ya mwaka 1974.

Kuhusu kopi za flashi zinazotembea kartye kwa kartye, tuseme wazi: kando ya kuwa ni wizi wa kazi ya watu, nyingi zinakuja na virusi. Mwanafunzi wa UOB, UCB ama ISP anayeweka kopi ya namna hiyo kwenye mashini yenye TFC anaweka miaka yake ya masomo kwenye bahati nasibu. Kama huna namna ya kununua leo, afadhali kungoja. Michezo ya zamani inapunguzwa bei mara nyingi kwa mwaka.

Basi, uchague upi?

Kama una simu tu, ama kompyuta ya zamani, na unacheza peke yako usiku, anza na Baldur's Gate ya zamani. Kama unapenda kusoma na mashini yako ina giga 4 za memori, chukua Pillars of Eternity. Kama unataka kuona Afrika yetu kwenye sikrini, chukua Aurion.

Kama mko wawili ama zaidi, na mashini yenu ina karti grafiki hata ya zamani kidogo, shauri letu ni Divinity: Original Sin 2. Kwa giga 60 na bei iliyo chini ya ile ya ndugu yake mdogo, unapata karibu kila kitu kizuri cha Baldur's Gate 3. Baldur's Gate 3 yenyewe ingojee siku mtakapokuwa na mashini yake na umeme wake. Haitakimbia.

Na kwa wote: kwenye michezo yote miwili ya Larian, kidude cha F5 kinahifadhi mchezo mara moja. Kibonyeze kabla ya kila vita, na tena mkiona taa za jirani zimeanza kucheza.