Maji ya msiba Bujumbura na fumbo la ng'ombe mwekundu

BUJUMBURA. Mfanyabiashara wa Kigoma au Uvira aliyefiwa na mshirika wake hapa hakimbilii mlangoni kudai chake siku ya mazishi. Deni lina siku yake. Warundi huiita guca ku mazi, kupita kwenye maji, siku chache baada ya maziko, msiba unapolegezwa. Familia huwashukuru waliowafariji, na mara nyingi huwaomba wanaomdai marehemu, pamoja na wadaiwa wake, wajitokeze. Matanga huondolewa kabisa baadaye sana, aghalabu baada ya mwaka, kwa sherehe ya kuganduka.

Kwa nini maji? Wengi watakujibu kwamba ndivyo wazee walivyoacha, na jibu hilo si la kudharauliwa.

Torati, katika Hesabu sura ya 19, inaagiza ng'ombe jike mwekundu asiye na kilema, asiyewahi kuvaa nira, achomwe nje ya kambi na majivu yake yatiwe maji ya chemchemi. Aliyegusa maiti alikuwa najisi siku 7, na alinyunyiziwa maji hayo siku ya 3 na ya 7. Ajabu ni kwamba aliyemtakasa mwenzake alibaki najisi mwenyewe hadi jioni. Marabi husimulia kuwa hata Suleimani alishindwa kulifumbua fumbo hilo. Rabi Yohanan ben Zakkai, aliyeishi wakati Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70, aliwaambia wanafunzi wake kuwa maiti hainajisi wala maji hayatakasi. Ni amri ya Mfalme tu.

Abayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, husoma sura hiyo kila mwaka, kwa kawaida Juni au Julai. Inayofuata ni ya vifo. Miriamu anafariki, na watu wanakosa maji. Musa anaupiga mwamba, naye anaambiwa hataingia nchi ya ahadi. Haruni anapandishwa mlima Hori, anavuliwa mavazi ya ukuhani akiwa hai, na mwanawe Eleazari anavishwa. Ndipo anapokufa, na watu wanamlilia siku 30.

Mavazi yalibadilishwa kabla ya kifo, si baada yake. Bujumbura, mrithi anayesubiri kutambulishwa rasmi kwenye kuganduka huwaacha wenye mizigo njiani, Kobero au Gatumba, wakiuliza nani sasa atasaini.