Tunakula Nyama au Tunakula Jina?

Ndugu wasikilizaji, lugha yetu ya Kiswahili haioni haya kuitaja nyama. Ng'ombe akiwa malishoni ni ng'ombe, akifika buchani ni nyama ya ng'ombe. Tena nyama na mnyama ni maneno ya mzizi mmoja. Mlaji hawezi kusema hakujua.

Waingereza wao wana majina mawili. Wanormani walipotoka Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana. Mnyama zizini akabaki na jina la Kiingereza, jina la mchungaji. Nyama yake mezani ikapata jina la asili ya Kifaransa, jina la bwana. Basi mlaji hula, na zizi hata halimjii akilini.

Lakini tusiwacheke. Hapa Tanzania, mijini, nguruwe tumempa majina mangapi? Kitimoto. Mbuzi katoliki. Mdudu. Yote hayo yametamkwa, na nguruwe mwenyewe hajatajwa! Sababu mojawapo ni adabu. Tunapanga nyumba moja, anayekula na yule ambaye dini yake imemkataza, na neno lisilotajwa halimuudhi jirani. Hilo ni jema.

Ubaya ni kwamba jina likifichwa, na maswali hufichika. Kwenye nyama ya ng'ombe mteja huuliza: amechinjwa wapi? Muhuri wa mkaguzi uko wapi? Kwenye kitimoto ni wangapi wanaouliza? Mtu hula, hulipa, akaondoka.

Na hapo ndipo penye hatari. Nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri yaweza kumwambukiza mlaji minyoo ya tegu. Mwenye tegu hutoa mayai yake katika choo kikubwa. Mayai hayo yakimezwa, kwa mikono michafu au maji machafu, viluwiluwi vyake vyaweza kufika hadi ubongoni vikaleta kifafa. Anayeugua aweza kuwa hata yule jirani asiyeigusa nyama hiyo. Tegu hajali kama nguruwe tumemwita mbuzi.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayekula na ale, asiyekula aheshimiwe. Lakini kabla ya kunawa mikono, anayekula na aulize bila kuona haya: nguruwe huyu kachinjiwa wapi, nani kamkagua, na nyama yake imeiva?