Utafiti wa afya uelezwe kwa lugha ya mwananchi

Na Daktari Wetu

Mama mmoja wa umri wa miaka 34 aliingia katika kliniki yangu asubuhi moja akiwa amejiinamia. Alikuwa ametumia tembe za kupanga uzazi kwa miaka mitatu bila taabu yoyote. Miezi minne kabla ya siku hiyo, alisikia redioni kwamba wanasayansi wamegundua kuwa tembe za aina hiyo "huongeza maradufu" hatari ya damu kuganda mishipani. Usiku huo huo alizitupa chooni. Hakuniuliza mimi, hakumuuliza muuguzi, wala hakutafuta njia nyingine ya kujikinga.

Alipokuja kuniona alikuwa mja mzito. Jambo hilo lingekuwa la furaha kwa mwingine, lakini si kwake. Watoto wake wawili wa mwisho walizaliwa kwa upasuaji, na mara ya mwisho alivuja damu nyingi hata ikabidi aongezewe. Alikuwa ameshauriwa asibebe mimba tena.

Mtangazaji wa redio hakusema uongo. Watafiti waliochunguza tembe hizo hawakusema uongo pia. Hata hivyo, katika safari ya kutoka maabara hadi sikio la mama huyu, kuna swali moja lililodondoka njiani: maradufu ya nini?

Hesabu iliyosahaulika

Jambo kama hilo liliwahi kulikumba taifa zima. Mnamo Oktoba 1995, kamati iliyokuwa ikisimamia usalama wa dawa nchini Uingereza iliwaandikia madaktari kuwaonya kuhusu baadhi ya tembe mpya za kupanga uzazi. Ilisema kwamba hatari ya tembe hizo kugandisha damu ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya tembe za zamani. Habari zilitangazwa kabla ya madaktari wengi kuipata barua yenyewe. Wanawake walipowauliza, wengi wao hawakuwa na la kujibu.

Sasa, msomaji, tutazame hesabu iliyotolewa wakati huo. Kati ya wanawake 100,000 wanaotumia tembe za zamani kwa mwaka mmoja, wapatao 15 hupatwa na tatizo la damu kuganda. Kwa tembe mpya idadi hiyo ilikadiriwa kuwa 30. Ni kweli kwamba 30 ni mara mbili ya 15. Lakini ni kweli vile vile kwamba wanawake zaidi ya 99,900 kati ya hao 100,000 hawadhuriki kwa namna hiyo.

Na kuna nambari nyingine ambayo haikusikika vyema katika kelele za siku zile. Miongoni mwa wanawake 100,000 waja wazito, wapatao 60 hupatwa na tatizo hilo hilo. Kwa hivyo, mwanamke aliyeacha tembe kwa kuogopa damu kuganda, kisha akashika mimba, alikimbia hatari ndogo na kujitosa katika hatari kubwa zaidi.

Mwaka uliofuata, 1996, visa vya kutoa mimba katika England na Wales viliongezeka kwa takriban 13,000, ilhali vilikuwa vimepungua kwa miaka kadhaa. Wataalamu wengi walilihusisha ongezeko hilo na hofu iliyoletwa na tangazo lile.

Nilimwandikia yule mama nambari hizo kwenye karatasi: 15, 30 na 60. Alizitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Daktari, mbona redioni hawakusema hivi?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kusema "hatari imeongezeka mara mbili" au "dawa imepunguza ugonjwa kwa asilimia 50" ni kutoa nusu ya habari. Mara mbili ya kitu kidogo sana bado ni kitu kidogo. Mtafiti anayetaka kueleweka na mwananchi sharti aseme ni watu wangapi, kati ya wangapi, na kwa muda gani.

Funzo la Kemron

Kosa la pili ni haraka. Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka mwaka 1990, wakati mimi nilikuwa mtoto wa shule. Taasisi ya utafiti wa matibabu nchini, KEMRI, ilikuwa imefanya uchunguzi kuhusu dawa iliyoitwa Kemron, iliyokuwa na kiasi kidogo cha kemikali iitwayo intaferoni, na iliyotumiwa kwa kuyeyushiwa mdomoni. Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, aliitangazia dunia habari hizo. Ilisemekana kwamba wagonjwa wa Ukimwi walirudiwa na hamu ya chakula, wakaongeza uzani na kurejea kazini.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Ukimwi ulikuwa ukiua watu kila mtaa na kila kijiji, na dawa nyingi zilizopo leo za kudhibiti virusi hazikuwapo. Watu waliokuwa wamekata tamaa walishangilia, na sifa za Kemron zikavuma hadi Marekani.

Lakini uchunguzi ule wa kwanza ulikuwa na upungufu. Wagonjwa walipewa dawa, wakatazamwa, na hali yao ikaandikwa. Hapakuwa na kundi jingine la wagonjwa kama wao la kulinganishwa nao. Mtu anayejua kwamba amepewa dawa mpya hupata matumaini, hula vizuri zaidi na huangaliwa kwa karibu zaidi na madaktari. Pasipo kundi la kulinganisha, huwezi kujua ni dawa iliyomsaidia au ni mambo hayo mengine.

Majaribio makubwa zaidi yalipofanywa baadaye, likiwamo moja nchini Uganda, baadhi ya wagonjwa walipewa intaferoni hiyo na wengine tembe zinazofanana nayo lakini zisizo na dawa ndani. Wagonjwa wenyewe hawakujua nani amepewa ipi. Waliopata dawa hawakuonyesha nafuu yoyote kuwazidi wenzao.

Sisemi kwamba watafiti wetu walikosea kuitafuta dawa. Walistahili pongezi kwa kujaribu. Kosa lilikuwa kutangaza dalili ya mwanzo kana kwamba ni jibu la mwisho. Deni la kosa hilo tunalilipa hadi leo. Ninapomweleza mzee fulani kuhusu dawa mpya iliyothibitishwa vizuri kabisa, hunijibu kwa kicheko: "Hata Kemron tuliambiwa hivyo hivyo."

Nusu si yote

Ni haki pia kutaja mahali ambapo mambo yalifanywa vizuri zaidi. Jijini Kisumu, watafiti waliwaandikisha vijana wa kiume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 ambao hawakuwa wametahiriwa wala kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Kwa njia ya bahati nasibu, nusu yao walipashwa tohara mara moja na nusu wakaambiwa wasubiri miaka miwili. Wote walipewa ushauri na kondomu. Mnamo Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: waliotahiriwa walioambukizwa walikuwa 22, na wasiotahiriwa 47. Kwa hesabu nyepesi, katika muda wa miaka miwili, vijana 2 kati ya kila 100 waliotahiriwa waliambukizwa, na 4 kati ya kila 100 wasiotahiriwa. Utafiti uliofanywa Uganda na mwingine wa Afrika Kusini ulitoa majibu yanayokaribiana na hayo.

Ingekuwa rahisi kutangaza kwamba "tohara yazuia Ukimwi." Kauli hiyo ingeua watu. Vijana 22 waliotahiriwa waliambukizwa, kwa hivyo kinga hiyo ni ya nusu tu. Ndiyo maana ujumbe uliotolewa ulirudia maneno yale yale: tohara hupunguza hatari kwa mwanamume, haiiondoi, na kondomu bado ni ya lazima.

Jambo la pili lilihusu utamaduni. Kwa mila zao Waluo hawakuwa wakitahiri wavulana, na mgeni anayekuja na kisu mkononi huonekana kama mtu anayetaka kubadilisha mila. Kabla ya mpango wa serikali kuanza mwaka 2008, kulikuwa na mazungumzo na Baraza la Wazee wa Waluo pamoja na viongozi wengine. Ilielezwa kwamba hii ni huduma ya hospitali kwa anayeitaka, si jando. Neno "hiari" likawa sehemu ya jina la huduma yenyewe.

Kusikiliza kwanza

Watafiti wengi hudhani kuzungumza na wananchi ni kupanda jukwaani na kusoma matokeo. Kilifi, ambako KEMRI na washirika wake wamefanya utafiti tangu mwaka 1989, ilidhihirika kwamba mazungumzo huanza kwa kusikiliza. Baadhi ya wakazi walishuku kwamba damu inayotolewa watoto huuzwa, na wengine walinong'ona habari za waabudu shetani. Katika pwani ambako wazee wamesimulia visa vya mumiani kwa vizazi, hofu hiyo si ya kuchekwa. Mzazi anayeona damu ya mwanawe ikichukuliwa bila kuelezwa inakokwenda ana haki ya kuuliza. Kituo hicho hufanya kazi na wawakilishi wanaochaguliwa na wakazi wenyewe, wanaopeleka maswali ya jamii kwa watafiti na kurudisha majibu nyumbani.

Lugha pia ina mitego yake. Daktari anaposema matokeo ya kipimo ni "chanya," mgonjwa aweza kufurahi akidhani ni habari njema, kumbe maana yake ni kwamba ugonjwa umepatikana. Tunaposema "majaribio," mwananchi huwaza panya wa maabara. Hata idadi ya damu tunayochukua tunaitaja kwa mililita, wakati kijiko cha chai kingeeleweka na kila mama. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimekosea hivyo mara nyingi. Yule mama wa tembe sikuwahi kumweleza madhara ya dawa yake siku nilipomwandikia. Laiti angeyasikia kwanza kutoka kwangu, redio isingemtia kiwewe.

Maswali ya kuuliza

Kabla mtafiti hajasimama mbele ya waandishi wa habari, ayaweke tayari majibu ya maswali haya. Nawe msomaji, jiulize maswali hayo hayo kila usikiapo "wanasayansi wamegundua":

1. Utafiti ulifanywa kwa watu, au kwa wanyama na chembechembe za maabara? Dawa nyingi zinazofaa kwa panya hazimfai binadamu.

2. Walikuwa watu wangapi, na walilinganishwa na akina nani?

3. Hatari au faida ni ya watu wangapi kati ya 1,000 au 100,000? Usiridhike na "mara mbili" peke yake.

4. Je, watafiti wengine wamepata jibu kama hilo, au huu ni utafiti wa kwanza?

5. Ni nini ambacho bado hakijulikani? Mtafiti mwaminifu hulijibu swali hili bila kuona haya.

6. Nani alilipia utafiti huo, na kuna anayeuza kitu?

7. Mimi nifanye nini kesho asubuhi? Kama tangazo halina jibu la swali hili, usibadilishe chochote kabla ya kuzungumza na daktari, muuguzi au mfamasia.

Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Usiache dawa ya presha, ya kisukari, ya kifafa au ya kupanga uzazi kwa sababu ya habari uliyosikia leo. Njoo na gazeti lako au na simu yako, tuisome pamoja. Lakini ikiwa unatumia tembe za kupanga uzazi na mguu mmoja umevimba na kuuma, au una maumivu ya ghafla kifuani na pumzi zinakata, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitalini mara moja, kwani hizo huenda zikawa dalili za damu kuganda.

Yule mama alijifungua salama katika hospitali kubwa, damu ya akiba ikiwa tayari kando ya kitanda. Alipokuja kuniona baada ya wiki sita tulikaa kwa nusu saa tukipitia kila njia ya kupanga uzazi, faida na madhara yake, kwa idadi ya watu. Alichagua mwenyewe. Karatasi yangu yenye nambari tatu bado alikuwa nayo kwenye kipochi. Alisema amekwisha kuwaonyesha majirani wanne.