Je, wajua? Kupimwa utumbo mpana si lazima ulazwe usingizi

Je, wajua kwamba utumbo mpana hausikii makali? Daktari akikata kinyama kilichoota ndani yake, kwa kawaida mgonjwa aliye macho hahisi kitu. Kinachouma ni kuvutwa: hewa inapopulizwa ili njia ifunguke, na mpira wenye kamera unapopinda kwenye kona. Ndiyo maana baadhi ya madaktari hutumia maji, au gesi ya kaboni dayoksidi, ambayo mwili huinyonya upesi kuliko hewa.

Huko Norway na Finland wengi hupimwa wakiwa macho. Marekani wengi huchomwa dawa. Midazolamu hutuliza na kufuta kumbukumbu: unaweza kulalamika kwa sauti, kisha ukaapa kwamba hukuumia! Propofoli, nyeupe kama maziwa, ilivumbuliwa miaka ya 1970 na John Glen, daktari wa mifugo kutoka Uskoti. Hiyo hulaza kabisa, na lazima awepo mtu wa kuchunga pumzi tu.

Kwa mkaaji wa Naviundu, Lubumbashi, safari ya kurudi nyumbani nayo ihesabiwe. Ukichomwa dawa, usiendeshe gari wala pikipiki kwa saa 24, na ndugu akusindikize. Bila dawa, unajiondokea mwenyewe. Ila aliyewahi kupasuliwa tumbo, au mwenye hofu kubwa, asijikaze bure.

Kabla ya siku yenyewe, muulize daktari: ni dawa gani, nani atachunga pumzi yangu, na je, nikianza bila dawa naweza kuiomba katikati?