Wauaji wengi, washitakiwa wachache: fundisho kutoka Afrika Kusini

Ndugu msomaji, jaribu kujiweka katika nafasi ya mfanyakazi wa zamu ya jioni anayeishi Khayelitsha, kitongoji kilichoanzishwa na serikali ya makaburu mwaka 1983, kiasi cha kilometa 30 kutoka katikati ya jiji la Cape Town. Unashuka kwenye basi usiku. Njia ni nyembamba, nyumba ni za mabati, na taa za barabarani ni chache. Choo mnachotumia na majirani kiko mbali na mlango wako, na binti yako huogopa kwenda huko giza likishaingia, kwa sababu wanawake wameshashambuliwa njiani. Usiku huo unamwona jirani yako akiuawa. Unawafahamu waliomwua. Wao nao wanakufahamu.

Je, utakwenda polisi?

Usiharakishe kujibu. Jibu la swali hilo, likitolewa na maelfu ya watu kila mwaka, ndilo linaloamua kama nchi itatawaliwa na sheria au na wenye bastola. Hebu tuitazame Afrika Kusini, nchi ambayo sisi wa Tanzania hatuwezi kuitazama kwa macho ya mgeni. Vijana wake walisoma Mazimbu, Morogoro, wakati wa mapambano ya ukombozi, na ushindi wao wa mwaka 1994 ulikuwa sherehe yetu pia. Kwa hiyo tunapoyazungumza matatizo yao, hatufanyi hivyo kwa kuwacheka. Tunazungumza kama jirani aliyesikia kilio ukutani.

Hesabu inavyosema

Uhuru ulipopatikana, nchi hiyo ilirithi mauaji mengi mno. Katika mwaka wa 1994/95 polisi waliandikisha watu zaidi ya 25,000 waliouawa. Baada ya hapo hali ilianza kuwa nafuu mwaka hadi mwaka, na kufikia 2011/12 idadi ilikuwa imeshuka hadi kiasi cha 15,600, ingawa wananchi walikuwa wameongezeka. Wengi waliamini kuwa mlima umekwisha pandwa.

La hasha. Idadi ikaanza kupanda tena. Mwaka wa 2022/23 waliouawa walikuwa 27,494, yaani watu 75 kila siku ya Mungu. Mwaka uliofuata ilizidi 27,000 tena, ndipo ikapungua kidogo.

Lakini hesabu ya kutisha zaidi ni nyingine. Mwaka 2011/12, katika kila mauaji 100, polisi waliweza kuwapata watuhumiwa wa kufikishwa mbele ya sheria katika mauaji kama 31. Mwaka 2022/23 ilikuwa kama 12 tu. Maana yake ni kwamba, katika mwaka mmoja, zaidi ya familia 20,000 zilizika ndugu zao bila kumwona mtu yeyote akiulizwa mahakamani kwa nini aliua.

Hapo ndipo msomaji anapaswa kujihadhari na takwimu zinazopendeza. Ofisi ya waendesha mashtaka wa nchi hiyo hueleza kuwa katika Mahakama Kuu hushinda kiasi cha kesi tisa katika kila kumi. Ni kweli, lakini hizo ni kesi zilizofika mahakamani. Mvuvi aliyepata samaki wawili na kuwapika vizuri wote wawili hawezi kusema kuwa kijiji kimeshiba.

Mnyororo uliokatika

Kesi ni mnyororo. Kwanza kuna raia anayetoa taarifa. Halafu kuna askari anayelinda mahali pa tukio, mpelelezi anayefungua jalada, maabara inayopima damu na risasi, mwendesha mashtaka anayesoma ushahidi, na mwisho hakimu. Pete moja ikikatika, mnyororo wote huanguka chini.

Afrika Kusini pete kadhaa zimekatika kwa pamoja. Jeshi la polisi lililokuwa na watumishi karibu 200,000 mwaka 2012 lilikuwa na karibu 180,000 miaka kumi baadaye, wakati wananchi waliongezeka kutoka milioni 52 katika sensa ya 2011 hadi milioni 62 katika sensa ya 2022. Wapelelezi wenye uzoefu walistaafu au kuacha kazi, na majalada yao wakarithishwa wachache waliobaki. Kwenye maabara, migogoro ya mikataba ya ununuzi na ukosefu wa kemikali ilisababisha sampuli za vinasaba kurundikana, hata mwaka 2021 zikazidi laki mbili. Miongoni mwake zilikuwamo za wanawake na watoto waliobakwa. Mrundikano huo baadaye ulipunguzwa, lakini ushahidi uliochelewa humwacha mtuhumiwa mitaani na humchosha shahidi.

Halafu kuna ubovu wa juu. Samaki, walisema wazee, huanza kuoza kichwani. Mkuu wa polisi wa zamani, Jackie Selebi, ambaye aliwahi hata kuwa Rais wa Interpol, alitiwa hatiani mwaka 2010 kwa kupokea rushwa na akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Mwezi Julai 2025, mkuu wa polisi wa KwaZulu-Natal, Nhlanhla Mkhwanazi, alisimama hadharani na kudai kuwa magenge ya wahalifu yamepenya katika polisi, siasa na mahakama, na kwamba majalada 121 yaliondolewa katika kikosi kilichokuwa kikichunguza mauaji ya kisiasa. Rais Ramaphosa akaunda tume chini ya Jaji Madlanga kuyachunguza madai hayo.

Maskini hulindwa mwisho

Mwenye fedha amejitafutia dawa yake. Walinzi wa makampuni binafsi nchini humo ni zaidi ya nusu milioni, wengi kuliko polisi mara mbili na zaidi. Hulinda majumba yenye kuta ndefu na nyaya za umeme. Mfanyakazi wa Khayelitsha hana uwezo wa kumlipa mlinzi. Mlinzi wake ni polisi wa umma, au hana mlinzi.

Mwaka 2012, baada ya malalamiko ya vikundi vya wakazi, na baada ya watuhumiwa kadhaa kuuawa na makundi ya watu wenye hasira, serikali ya jimbo iliunda tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Kate O'Regan na Vusi Pikoli. Mwaka 2014 tume hiyo ilithibitisha kuwa polisi wa Khayelitsha hawakufanya kazi ipasavyo, na kwamba imani kati yao na wananchi ilikuwa imevunjika. Ilionyesha pia jambo la kusikitisha: maeneo maskini yenye mauaji mengi yalikuwa na polisi wachache kwa idadi ya watu kuliko maeneo ya wenye nafasi. Mwaka 2018 mahakama iliamua kuwa mgawanyo huo ulikuwa wa ubaguzi dhidi ya watu weusi na maskini. Makaburu walikuwa wameondoka miaka 24 nyuma, lakini ramani yao ya ulinzi ilikuwa bado iko ukutani.

Tusisahau pia kuwa polisi wa makaburu hawakufundishwa kupeleleza kwa ajili ya mtu mweusi. Walifundishwa kumzuia, kumpiga na kumkamulia maungamo. Sharpeville mwaka 1960 waliua watu 69. Kuufuta urithi huo kulihitaji kazi ya miaka mingi. Kumbe mwaka 2012, katika Afrika Kusini huru, polisi waliwapiga risasi na kuwaua wachimba migodi 34 siku moja huko Marikana. Shahidi anayekumbuka hayo huvuta pumzi mara mbili kabla ya kuingia kituoni.

Na sisi je?

Ndugu msomaji, usifunge ukurasa huu ukidhani kuwa habari hii ni ya mbali. Nasi tunayajua makelele ya "mwizi, mwizi!" na moshi wa tairi unaofuata. Miaka ya 1980 wafugaji wa Usukumani na Unyamwezini, walipochoka kuibiwa ng'ombe, waliunda sungusungu. Walisaidia kweli, na serikali ikawatambua, lakini pia wako waliopigwa bila kupewa nafasi ya kujitetea. Fundisho ni moja: raia anaposhika fimbo, mara nyingi ni kwa sababu mnyororo wa haki umekatika mahali fulani. Fimbo hiyo haiuungi. Huongeza maiti ya pili ambayo nayo haitapatiwa mshitakiwa.

Kazi yetu sisi wazazi na wafanyakazi ipo. Tukio likitokea, tusikanyage na kushika kila kitu, kwani alama ya kidole yaweza kuwa shahidi bora kuliko sote. Tutoe taarifa, tudai namba ya jalada, na turudi kuulizia limefikia wapi. Tukiitwa mahakamani, twende. Na tuwadai viongozi wetu wamlinde shahidi, wampatie mpelelezi vitendea kazi, na wamwondoe askari anayeuza jalada, hata kama nyota zake mabegani ni nyingi.

Turudi basi kwa yule mfanyakazi wa zamu ya jioni. Amesimama mlangoni, na binti yake anamwangalia. Akinyamaza, hatumlaumu haraka, maana hofu yake ina sababu. Lakini binti naye anajifunza usiku huo, na atakachojifunza ndicho atakachowafundisha wanawe. Kama tunataka mama huyo aseme, hapana budi kwanza tujenge kituo ambacho, akiingia na jina la muuaji mdomoni, atatoka akiwa salama, na jina hilo litafika kwa hakimu.