Kiti si Kifungo: Maisha ya Ade Adepitan na Lugha ya Ulemavu

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba kiwete, kipofu na kiziwi ni nomino za KI-VI kimofolojia. Kwa upatanisho, husemwa kiwete amefika, wala si kimefika. Hata hivyo, kiambishi ki- hubakia palepale. Wapo wanaodai kwamba kiambishi hicho humshusha mtu hadi daraja la vitu. Wengine hujibu kuwa kiongozi na kijana nao wamo humo humo na hawalalamiki. Makala haya hayadhamirii kuumaliza mjadala huo, bali kuutazama kupitia maisha ya mchezaji mmoja wa mpira wa kikapu.

Ade Adepitan alizaliwa Lagos, Nijeria, mwaka 1973. Akiwa mtoto mdogo aliugua polio, ugonjwa uliomdhoofisha miguu. Alipokuwa na umri wa miaka 3 alihamia Uingereza, akalelewa Newham, mashariki mwa London. Huko alitembea kwa msaada wa vyuma vya miguu na kucheza kandanda na watoto wenzake.

Siku moja wataalamu wawili wa tiba ya viungo walimwona akisukumwa na rafiki zake katika kitoroli cha dukani. Walimshauri ajaribu mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Kijana huyo alikataa katakata. Kwake yeye, kukaa kitini kulikuwa sawa na kukiri kushindwa. Msimamo huo ulibadilika alipowaona wachezaji wa timu ya taifa wakikimbiza viti kwa kasi ambayo vile vyuma havingempa kamwe.

Yafaa mchezo wenyewe uelezwe. Pete ya kikapu huwa mita 3.05 juu, sawa na ile ya wanaocheza kwa miguu. Mchezaji akisukuma magurudumu zaidi ya mara mbili bila kudundisha mpira, huwa amekosea. Aidha, kila mchezaji hupewa alama kati ya 1.0 na 4.5 kwa kadiri ya uwezo wa mwili wake kufanya kazi, na jumla ya alama za watano walio uwanjani haipaswi kuzidi 14. Kwa hiyo, mwenye ulemavu mkubwa hawekwi uwanjani kwa huruma. Timu humhitaji ili hesabu itimie.

Adepitan aliiwakilisha Uingereza katika Michezo ya Walemavu ya Sydney mwaka 2000. Katika michezo ya Athens mwaka 2004, timu yake ilinyakua nishani ya shaba. Mwaka uliofuata alitunukiwa nishani ya heshima ya MBE. Baadaye aligeukia utangazaji wa televisheni, na tangu mwaka 2018 amechapisha hadithi za watoto zinazotokana na utoto wake. Kwa hivyo aliyekuwa akisimuliwa na wengine amekuwa msimulizi.

Hapa ndipo tunaporejea kwenye lugha. Mara nyingi husemwa kwamba fulani "amefungwa kwenye kiti cha magurudumu". Maisha ya Adepitan yanaukanusha usemi huo, maana kiti hakikumfunga; kilimfungua. Kilichotaka kumfunga ni maana ambayo jamii ilikuwa imekipachika kiti hicho, naye akaimeza akiwa mtoto.

Nchini Kenya, Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kurejelewa kwa namna isiyomdunisha. Hilo si jukumu la mawakili pekee. Sisi tunaohariri, kutafsiri na kufundisha Kiswahili ndio tunaochagua maneno kila siku. Ngeli hatuwezi kuibadilisha kwa amri, lakini twaweza kuandika "anatumia kiti" badala ya "amefungwa kitini". Mdharau mwiba, wahenga walinena, mguu huota tende. Kitenzi kimoja chaweza kuwa mwiba huo.