Wastani wa Pato na Pishi ya Mchumaji

Mwezi Julai 2020 Benki ya Dunia iliitoa Tanzania katika kundi la nchi za pato la chini na kuiingiza katika kundi la nchi za pato la kati, ngazi ya chini. Hesabu yenyewe ilikuwa ya mwaka 2019: wastani wa pato la mtu mmoja ulifika dola 1,080, na mpaka wa kuvukia ulikuwa dola 1,036. Tulifurahi, na tulistahili kufurahi. Lakini katika mabaraza ya kahawa, na hata katika vikao vya matawi yetu, wananchi waliuliza swali ambalo wengi wetu tulilifunika kwa makofi: fungu langu liko wapi?

Hilo si swali la uchochezi. Ni swali la hesabu. Tuchukue watu kumi wa kijiji kimoja. Mmoja ana pato la shilingi milioni tisa na laki moja kwa mwaka. Tisa waliobaki wana laki moja kila mmoja. Jumla ni milioni kumi, na wastani ni milioni moja kwa kila mtu. Hesabu hiyo haina kosa hata moja, na pamoja na hayo hakuna hata mtu mmoja katika kijiji kile mwenye milioni moja. Wastani humweleza mtu ambaye hayupo.

Hapa kwetu Visiwani mfano hautafutwi mbali, kwani tunao juu ya mikarafuu. Mapinduzi ya 1964 yaliifanya ardhi kuwa mali ya umma, na wakulima wakagaiwa eka tatu tatu. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, ambalo ndilo lenye haki ya kununua karafuu yote. Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu duniani ilipanda sana, kwa sababu Indonesia ilikuwa ikiinunua kwa wingi kutengenezea sigara zake. Fedha zikaingia. Majumba ya Michenzani yakasimama, elimu na matibabu vikatolewa bila malipo, na mwaka 1973 Zanzibar ikaanza kuonyesha televisheni ya rangi kabla ya nchi nyingi za Afrika.

Hayo yote ni kweli na hatuyaonei haya. Lakini mkulima aliyeitoa karafuu hiyo alilipwa sehemu ndogo tu ya bei ile ya dunia. Na karafuu nyingi hutoka Pemba, kisiwa ambacho vijiji vyake vingi havikuwa na umeme wa kuwashia hata taa, seuze televisheni. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika huko mwaka 2010. Mtetezi wa siasa ya wakati ule atasema kwamba fungu la mkulima lilimrudia kwa njia ya shule na hospitali. Hoja hiyo ina uzito, na sisi wenyewe tumesoma kwa fedha hizo. Ila anayekatwa ili wote wafaidike ana haki ya kuambiwa amekatwa kiasi gani. Mkulima hakuambiwa. Akaambiwa badala yake kwamba magendo ni uhaini, naye usiku akaipakia karafuu yake mashuani kwenda Mombasa. Tulimwita mhujumu, na wako waliokuwa wahujumu hasa. Lakini bei iliyomsukuma baharini tuliipanga sisi.

Tuliopita chuoni tulihifadhishwa Sura ya Mutaffifin, inayowahusu wanaopunja vipimo, kabla hatujajua kugawanya. Mwalimu aliifasiri kwa kumtaja muuza duka. Ilituchukua miaka mingi kufahamu kwamba hata dola yaweza kushika mizani.

Kosa lile lilirekebishwa, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 2011, katika uongozi wa Rais Ali Mohamed Shein, bei ya karafuu daraja la kwanza ilifikishwa shilingi 15,000 kwa kilo, na ikawekwa sera kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yakapungua kuliko yalivyowahi kupunguzwa na doria.

Je, sasa haki imekamilika? Hapana. Asilimia 80 ni ya yule anayefika kituoni na gunia la karafuu kavu. Nyuma yake yuko mchumaji, apandaye mti mrefu ambao matawi yake hukatika upesi, na wako akina mama wanaokaa hadi usiku wakichambua karafuu kutoka kwenye makonyo. Hawa hawalipwi kwa kilo. Hulipwa kwa pishi, tena ya karafuu mbichi. Karafuu ikianikwa juani hupoteza kiasi cha theluthi mbili za uzito wake, hivyo mchumaji anayesikia redioni bei ya kilo hana njia nyepesi ya kujua fungu lake katika bei hiyo ni lipi. Makonyo nayo, ambayo mama yule ameyatenga, yana thamani. Kiwanda cha Wawi huyakamua mafuta. Na pishi zenyewe hazilingani. Pishi ya zaka ya fitri sote twaijua: vibaba vinne, ukingo kwa ukingo. Pishi ya shambani mara nyingi hurundikwa mpaka karafuu zinamwagika chini, na kinachomwagika hakilipwi.

Serikali ina wakaguzi wa mizani ya wauza nyama na pampu za petroli. Hatuoni kwa nini pishi ya shambani isipigwe muhuri kama vipimo hivyo. Wala hatuoni kwa nini kituo cha ununuzi kisibandike ubaoni, kila wiki ya msimu, bei ya karafuu katika soko la dunia kando ya bei anayolipwa mkulima, ili hiyo asilimia 80 ihesabiwe na yeyote ajuaye kusoma. Matawi ya Chama yaliyo karibu na vituo hivyo yanaweza kuanza kudai ubao huo msimu ujao, kabla jamvi la kwanza halijatandikwa.